Tetemeko kubwa likipita Dodoma, mpangaji ataandikwa kwenye fomu gani?

Mpangaji wa Nkuhungu (mtoa mada)

Wakuu habari za jioni. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila ardhi ikitikisika kidogo huku kwetu tunaandikiana kwenye magrupu "mmesikia hiyo?" alafu baada ya nusu saa imeisha. Mimi nataka tuongelee siku likija lenyewe kubwa, tena sio zile dakika za kukimbia nje, hizo kila mtu anazijua. Naongelea kesho yake, pale watu wa tathmini wanapoingia mtaani na fomu. Hapo ndipo msaada unapogawanywa hata kabla lori halijafika, ukiandikwa umo, usipoandikwa utabaki kusimulia.

Shida yangu ni moja. Tathmini za maafa karibu zote zinaanza na nyumba: nyumba ngapi zimeanguka, ngapi zina nyufa, na kila nyumba inabeba jina moja ambalo ni la mwenye nyumba. Sasa chukua nyumba ya kawaida ya kupanga Nkuhungu, Chang'ombe au Makole, vyumba vinane, familia sita, uwani mmoja, choo kimoja, bomba moja, na mwenye nyumba mwenyewe anaishi Kisasa au yuko Dar. Ukuta ukidondoka pale fomu inasema nyumba moja, kaya moja. Familia sita zimefutika kwa mstari mmoja wa kalamu na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Fanyeni hesabu muone. Viwango vya kimataifa vya misaada vinasema mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Kaya moja ya watu watano ni lita 75, yaani madumu manne hivi. Lakini pale uwani wapo watu 28, wanahitaji lita 420, madumu 21. Ukipeleka madumu manne kwa watu 28 umeleta ugomvi, na wiki mbili mbele umeleta kuhara. Choo hivyo hivyo, mwanzoni kabisa inakubalika kimoja kwa watu 50 alafu mnashuka mpaka watu 20, sasa kama hujui watu ni wangapi utachimba vingapi?

Wenzetu wameshapitia haya. Haiti mwaka 2010, tetemeko la 7.0 lilipiga Port-au-Prince ambako wapangaji ni wengi sana. Mahema yakajaa, wenye viwanja wakaanza kujengewa vibanda vya muda, waliokuwa wanapanga wakabaki kwenye mahema maana hawana kiwanja cha kujengewa. Baadae sana ndo ukaja mpango wa kuipa familia kama dola 500 ikapange chumba kwa mwaka mmoja, na huo ndio uliosaidia kupunguza yale makambi. Ina maana hitaji la mpangaji lilikuwa kodi tangu siku ya kwanza, fomu ndo haikuuliza. Nepal mwaka 2015 nyumba karibu laki 5 zilianguka kabisa na nyingine zaidi ya laki mbili na nusu zikaharibika, serikali yao ikatoa rupia laki 3 kwa awamu kwa mwenye nyumba anayejenga upya, wasio na karatasi za ardhi wakahangaika sana.

Dodoma ya sasa ina watu zaidi ya laki 7 kwa sensa ya 2022, na tangu serikali ihamie huku watu wanazidi kuja, wengi wetu tumepanga. Ndo maana nauliza mapema, tutaandikwa wapi?

chuma_cha_reli

Mkuu nakuheshimu ila unatia watu presha. Dodoma vitetemeko vidogo vidogo vipo tangu enzi za babu zetu na hakuna kilichotokea. Tuna shida ya maji na ajira leo, wewe unapanga msiba ambao haujafika.

Mpangaji wa Nkuhungu

Kaka hapana, sitishi mtu. Bonde la Ufa linapita hapa hapa. Ule mteremko mkali wa Kilimatinde unaouona ukitoka Bahi kwenda Manyoni ni ukuta wa ufa, ardhi ilishuka upande mmoja. Milima ya Chenene na Haneti ndiyo mikanda ambayo wataalamu wa miamba wanaifuatilia, na GST, wale wa taasisi ya jiolojia ya taifa, makao yao makuu yapo mjini hapa. Julai 2016 Kondoa ilitikisika, ukubwa wa 5.1. Miezi miwili mbele, Septemba 10, Bukoba ikapigwa na la 5.9, watu zaidi ya 15 wakafa na mamia wakaumia, na Bukoba nako wazee walikuwa wanasema vitetemeko vipo siku zote. Alafu kwa nchi yetu 5.9 sio kubwa kihivyo, Rukwa mwaka 1910 lilipiga la 7.4, wakati huo ghorofa hakuna na watu wachache.

Hilo la maji unalosema ndo lile lile. Maji ya mji huu sehemu kubwa yanatoka visima vya Mzakwe kwa pampu. Umeme ukikatika au bomba kuu likipasuka mji mzima ni kavu siku hiyo hiyo, hata wale ambao nyumba zao hazijapata hata ufa. Kwa hyo swali la kwanza la tathmini lingekuwa je, pampu za Mzakwe zinafanya kazi? Nyumba zilizoanguka zifuate.

Bint_Kashai

Mtoa mada mimi nilikuwa Bukoba mwaka ule. Ilikuwa jumamosi mchana, saa tisa na kitu, nashukuru Mungu wanafunzi wengi hawakuwa madarasani maana shule kama Ihungo na Nyakato majengo yaliharibika vibaya, ingekuwa siku ya shule asubuhi tungeongelea mengine kabisa.

Nilikuwa nimepanga chumba. Ukuta wa nyuma ulilala wote, vyombo vikawa chini ya matofali, tukalala nje mimi na watoto na jirani zangu. Watu wa kuandika walikuja, wakauliza mwenye nyumba nani, tukamtaja, wakaandika, wakapiga picha ukuta, wakaondoka. Turubai lilivyokuja liliitwa kwa jina lake. Yeye hakuwa mtu mbaya, alikuwa na nyumba nyingine ya kuishi ndo maana hakuona haraka. Sisi tulikuwa na haraka. Nguo, vyombo, mtaji wangu wa vitenge, hakuna sehemu kwenye ile karatasi ilikuwa inauliza hivyo. Na kodi nilikuwa nimelipa miezi sita mbele, sikurudishiwa hata mia.

Kingine ambacho watu hawasemi, mwanamke ukilala nje choo ni shida kuliko chakula. Yule kijana aliyekuja kuandika aliuliza maswali mbele ya wanaume wote wa pale uwani, ningemwambiaje kwamba niko kwenye siku zangu na sina kitu? Wakitaka ukweli watume na wanawake, watuulize pembeni.

fundi_mkuu_Ihumwa

Dada pole sana. Mimi niseme upande wa majengo kidogo maana nimeona watu wanasema "zilizoanguka" na "zenye nyufa" tu kama ni makundi mawili.

Iliyoanguka haimsumbui mtu kuamua. Inayoua baadae ni iliyosimama. Haiti wale wahandisi wa wizara yao ya ujenzi walizungukia majengo zaidi ya laki 4 wakayapiga rangi, kijani ingia, njano ingia kwa masharti, nyekundu usiguse. Kama nusu na kidogo ikawa kijani, robo hivi njano, moja ya tano nyekundu. Maana yake watu wengi sana walikuwa wanalala nje kwenye mahema wakati nyumba yao ni nzima, wanaogopa tu, na wana haki ya kuogopa kama hakuna aliyekuja kuwaambia. Ukimpelekea mtu fundi wa kumkagulia nyumba siku ya tatu umempunguzia hema.

Kwa macho ya kawaida, ufa mwembamba kwenye plasta peke yake usikutishe sana. Ufa unaokata tofali kwa mshazari kuanzia kona ya dirisha, au nyufa mbili zimekutana kama X katikati ya madirisha, toka. Nguzo imemwaga zege nondo zinaonekana zimepinda, toka na usirudi kuchukua godoro. Mlango uliokuwa unafunga vizuri leo umekwama juu, ujue fremu imehama. Ukuta wa pembetatu ule wa chini ya bati ambao haujafungwa na mkanda, huo ndo wa kwanza kulala, na Dodoma tunaujenga kila siku kwa tofali za kuchoma na udongo katikati bila nondo hata moja.

Alafu ghorofa za fremu. Barabarani pale chini mnaacha wazi lote kwa ajili ya maduka, nguzo nyembamba na mageti, juu mnapandisha kuta nzito za vyumba. Likitikisika chini kunapinda juu kunashuka mzima mzima. Nikiona zinavyopanda kila kona naumia, naongea kama mtu wa site.

Na ukaguzi sio mara moja. Nepal tetemeko la kwanza Aprili 25 lilikuwa 7.8, Mei 12 likaja la 7.3, nyumba zilizokuwa zimesimama na nyufa zikamalizikia hapo. Kijani ya leo irudiwe kila likipita la nguvu.

ramani_tu

Fundi hapo kwenye iliyosimama naongezea. Siku hizi watu wanadhani setilaiti na droni zitamaliza kazi. Zinasaidia kweli, tetemeko la Haiti watu wa kujitolea dunia nzima walichora ramani ya Port-au-Prince kwenye OpenStreetMap kwa siku chache kutokana na picha za angani, na hapa kwetu Dar ile kazi ya Ramani Huria ilichora mitaa ya mafuriko kuanzia 2015 kwa kutumia wanafunzi na wenyeji. Lakini picha ya juu inaona paa. Ghorofa likikaa chini sakafu juu ya sakafu kama chapati kwenye hotipoti, paa kwa juu linaonekana zima kabisa, anayechora yuko mbali anaweka "halijaharibika" na chini kuna watu. Mpaka mtu afike kwa mguu.

Pia tusisubiri mtandao. Kuna app kama KoboCollect unajaza fomu kwenye simu bila data, unapiga picha, inashika lokesheni, ukifika penye mtandao inatuma. Vijana wa mtaa wanafundishika kwa mchana mmoja. Na ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 imeshaweka namba kwenye nyumba zetu, kwa hyo sehemu ya nyumba kwenye fomu ipo tayari. Kilichobaki ndo hicho mtoa mada anapigia kelele, ndani ya namba hiyo kuna kaya ngapi.

Nesi_wa_usiku

Nimesoma yote. Naomba afya isiandikwe "majeruhi kadhaa" basi.

Kuna kitu kinaua kimya kimya kwenye matetemeko, mtu amebanwa mguu na zege masaa mengi, mnamtoa anaongea vizuri anaomba maji, mnashangilia, baada ya muda anakata roho. Msuli uliosagika ulikuwa umefungiwa, ukiondoa zege sumu yote inaingia kwenye damu kwa mkupuo, potasiamu inapanda, moyo unasimama, asipokufa hapo figo zinagoma. Anatakiwa awekewe dripu KABLA ya kunyanyua zege ikiwezekana. Uturuki tetemeko la 1999 mamia ya watu walihitaji mashine za kusafisha damu. Sasa kwenye tathmini ya siku ya kwanza swali liwe mashine ngapi za figo zinafanya kazi na maji yake yapo, kwa sababu mashine hizo zinakunywa maji mengi. Hospitali ya Benjamin Mkapa wamekuwa wakipandikiza figo tangu 2018, utaalamu upo hapa hapa, lakini mashine bila maji ya Mzakwe ni samani tu, na wale wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kila wiki bado nao wanazisubiri.

Kundi la pili ni ambao hawakuumia kabisa. Wa kisukari insulini imebaki chini ya matofali na friji haina umeme. Wa ARV, wa TB, wa kifafa. Mjamzito wa miezi tisa analala chini ya mwembe. Hawa hawaji hospitali kujiandikisha kama wahanga, ukiwauliza wanasema mimi mzima. Balozi wako anawajua. Lakini muulize kwa siri, usimsomee mtu ugonjwa wake uwani.

Mwana wa Mvumi

Mbukwenyi wandugu. Mnaongelea mjini sana. Huku vijijini Chamwino bado kuna tembe, paa bapa la miti na udongo mzito, mvua za miaka zimeongezewa udongo juu ya udongo. Nguzo za ndani zikilegea uzito wote unashuka ndani, na kwa kuwa ni udongo hauachi nafasi ya kupumua kama bati linavyoacha. Kwa hyo huku watu wa uokoaji ni majirani na majembe, dakika zile zile, hakuna wa kumsubiri kutoka mjini.

Lakini nilichotaka kusema ni chakula. Ndani ya tembe ndo kuna kilindo, ghala la uwele na mtama wa mwaka mzima. Nyumba ikilala na chakula kimelala, kikinyeshewa kimeisha. Mtu wa tathmini akiandika "nyumba ya udongo, thamani ndogo" ameandika ukuta, hajaandika miezi nane ya ugali. Aulize mwezi gani. Likipiga Juni tumetoka kuvuna, hasara ni kilindo. Likipiga Januari kilindo kiko karibu tupu ila mvua inanyesha na watu wako mashambani, hasara ni nguvu ya kulima, na usipolima wiki hizo mwaka umepita. Na mifugo, zizi likiwa wazi usiku fisi yupo.

Kwa hyo fomu moja ya Area C mjini na Mvumi kijijini haifanyi kazi, mtawauliza watu wa huku kuhusu kodi na wa huko kuhusu kilindo.

mwenyekiti_mstaafu

Vijana nimewasoma, mada nzuri. Nimekaa na daftari la wakazi miaka mingi. Niwaambie ugumu ulipo. Mpangaji anaingia leo, miezi mitatu amehama, haji ofisi ya mtaa mpaka anataka barua ya utambulisho ya NIDA au benki. Mwenye nyumba naye hataki kutaja wapangaji anaogopa mambo ya kodi ya TRA. Sasa siku ya maafa mnataka mwenyekiti atoe orodha, ataitoa wapi? Na mkifungua orodha wazi siku hiyo, mtaa wenye kaya 300 utakuwa na kaya 700 kufika jioni, nimeshuhudia kwenye mambo madogo kuliko tetemeko.

Mpangaji wa Nkuhungu

Mzee shikamoo. Hiyo ya kaya 700 ni kweli na ndo inafanya maofisa warudi kwenye nyumba, maana nyumba haiwezi kujizidisha.

Mimi naona njia ni hii. Ile orodha isitengenezwe siku ya maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeshaweka kamati mpaka ngazi ya mtaa na kijiji, sio lazima tuanzishe kitu kipya. Balozi ana nyumba chache tu, mara mbili kwa mwaka apite aandike namba ya anwani, kaya ngapi, watu wangapi, watoto chini ya miaka mitano, mzee au mlemavu yupo au hayupo. Asiulize kiasi cha kodi, asiulize jina la mwenye nyumba kabisa, hapo ile hofu ya TRA inakuwa haina pa kushika. Siku ikifika orodha inasomwa mbele ya watu wa nyumba kumi, isipokuwa mambo ya magonjwa aliyosema nesi. Jirani anajua nani analala pale na nani amekuja na begi jana. Haitakuwa kamili, ila ikikosea itakosea kidogo.

Na fomu ziwe mbili tangu mwanzo, hapo namuunga mkono fundi na mwana wa Mvumi. Ya jengo ajaze fundi na mhandisi, rangi yake, mwenye nyumba atatumia hiyo kwa ujenzi. Ya kaya ajaze mtu mwingine, mwanamke na mwanaume wakiwa wawili, swali la kwanza jana mmelala wapi na leo mtalala wapi, alafu maji, dawa, kilichofukiwa, na kwa mpangaji kodi imelipwa mpaka lini. Ile ya haraka ndani ya masaa 72 wala haihitaji kumfikia kila mtu, unachagua mitaa ya aina mbalimbali unapata picha, ndo kimataifa wanavyofanya. Ya kaya kwa kaya inafuata. Shida inakuja pale ile picha ya haraka inapogeuzwa kuwa orodha ya kugawia.

Hata idadi ya waliokufa Haiti mpaka leo inabishaniwa, serikali yao ilisema zaidi ya laki 3, wengine wakaja na hesabu za chini mno kuliko hiyo. Kama hukujua waliokuwa wanaishi ndani, utajuaje waliofia ndani?

Bint_Kashai

Hilo la kodi imelipwa mpaka lini liwekwe kwa wino mzito.

chuma_cha_reli

Sawa mkuu nimekuelewa, hoja ya Mzakwe imeniingia. Swali, wanafunzi wa UDOM waliopanga Ng'hong'onha? Balozi atawaandika kaya? Wanne chumba kimoja kila mmoja na mkoa wake, likizo hawapo.

Mpangaji wa Nkuhungu

Waandikwe kwa chumba, chumba kimoja kihesabiwe kaya moja, na pembeni miezi ambayo chumba kina watu. Na kila mmoja aache namba ya mtu wa nyumbani kwao, kwa sababu chumba kikianguka mwenye nyumba hajui hata majina yao, na mzazi yuko Kigoma au Mtwara anapiga simu haipokelewi, hakuna wa kumwambia mwanae yuko hospitali gani. Viongozi wa wanafunzi wanaweza kukusanya hizo namba mwanzo wa kila muhula wakampelekea mwenyekiti wa mtaa nakala kwenye karatasi, sio kwenye simu tu. Nimeshamwandikia mmoja wao, akijibu nitaweka hapa.